Joto Penye Barafu

Mkuu alinipa hadi saa sita mchana. Ikifika, vipimo vya hali ya hewa vya baba yangu, vya miaka kumi na miwili, vinafutwa, na mimi, binti yake niliyeandika programu ya kuvisoma, nikajieleze kwa nini navilinda.

Tangu asubuhi sikukalika. Nakaa, nasimama, nachungulia dirishani, narudi. Kwenye kioo cha kompyuta mchoro ni uleule: puto la baba limebeba kipimajoto kilomita kumi juu, mahali marubani wanapokuta barafu, na programu inasema nyuzi thelathini na mbili. Joto la kuanikia nguo! Vituo vingine vyote viko sawa. Cha baba tu, kilichong'ang'ania mfumo wa zamani wa tarakimu za mafumbo, ndicho kinachoniaibisha.

Saa mbili nilimpigia, hata shikamoo sikutoa. "Baba, ulikuwa unapika namba? Programu nimeipima mara tatu. Hapa wanasema nakufichia." Nikakata simu kwa hasira.

"We kuku unayetafuta pa kutagia," akasema fundi mitambo, jirani yangu wa meza, "hebu tulia usome hiki." Akanirushia kijitabu cha kufumbulia tarakimu, nusu kimeliwa na mende.

Ukurasa wa nne ulinitoa jasho. Mfumo ule hauna alama ya kutoa. Tarakimu ya mwisho ndiyo inayosema: ikiwa shufwa, juu ya sifuri, ikiwa witiri, chini yake. 317 ni baridi ya nyuzi thelathini na moja nukta saba. Na programu yangu, kwa unadhifu wangu mwenyewe, ilikuwa inakadiria kwanza hadi namba kamili, ikiitupa tarakimu hiyo ya mwisho. Ilifuta baridi kabla ya kuisoma.

Nilirekebisha mstari mmoja. Miaka kumi na miwili ikaporomoka kwenye kioo, baridi tupu. Nikampigia tena.

"Baba, nisamehe. Mkosaji ni mimi."

"Ah." Akakohoa. "Mbona nimeshamwandikia mkuu wako? Nimemwambia nilipika, na wewe hukujua lolote. Sikutaka ufukuzwe kwa ajili yangu, mwanangu."

Saa sita kasoro dakika tano niliingia kwa mkuu bila hodi. Alikuwa na simu mkononi na uso wa huruma.

"Mzee wako muungwana sana," akasema. "Amekiri mwenyewe."

"Baba yangu ni mwongo, mkuu," nikasema, machozi yakinitoka. "Hajawahi kupika hata namba moja."