Nafasi ya Marta Chini ya Nguzo

Jumanne asubuhi fundi Gibson alikuwa anakwangua chokaa kwenye nguzo za soko kuukuu la Tunduma, lile lililofungwa baada ya paa kuoza, akamkuta Marta amekaa chini ya nguzo ya kona na sado yake, kopo la kupimia maharage. Marta alikuwa amefariki kabla soko halijafungwa. Gibson alimwomba asogee kidogo asiangukiwe na vumbi. Marta akasogea, fundi akaendelea na kazi.

Kufikia saa nne marehemu wengine walishafika: wauza mchele wa Kamsamba, wauza dagaa, bibi mmoja wa ugoro. Kila mmoja alitandika kiroba palepale pake pa zamani. Hawakuwa na shida na mtu. Wakiombwa kupisha ngazi walipisha, na jioni walifunga mizigo yao wakatoka kwa kupenya ukuta, kwa sababu mlangoni kulikuwa na saruji mbichi.

Habari zilimfikia Enesi, binti wa Marta, aliyeuza maharage ya Ibaba kando ya foleni ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Zambia. Tangu soko lifungwe alikuwa akiuzia hapo, akikohoa hapo, akinyeshewa hapo hapo. Juzijuzi lori lilirudi nyuma likasaga kiroba cha jirani yake Rozi, na mguu wa Rozi pamoja nacho. Kamati ya soko ilikuwa imeahidi kwamba ukumbi wa soko ukishakarabatiwa utakuwa wa jamii, na kina mama wa barabarani watarudi ndani. Enesi aliishika ahadi hiyo kama mtoto anavyoshika kitenge cha mama yake.

Alifunga mzigo, akaenda. Alimkuta mama yake anachambua maharage, anatupa mabovu. Enesi akapiga magoti, akapiga makofi taratibu, jinsi mkubwa anavyosalimiwa. Marta akaitikia. Alikuwa amenenepa kuliko siku aliyokufa, na Enesi alifurahi mno kuona hivyo, hata machozi yakamtoka. Kisha, kwa kuwa hakujua aseme nini kingine na mtu mwenye sado mbele yake, akauliza, "Mama, mnauzaje?"

"Bei ya siku zote," Marta alisema, akampimia na kumwongezea konzi mbili za nyongeza.

Loo, hapo ndipo Enesi alipoharibu! Desturi ya soko lile inajulikana tangu enzi za bibi zetu: soko likifungwa kwa msiba, kwa moto au kwa kipindupindu, siku ya kurudi nafasi ni ya yule anayeulizwa bei kwanza. Hakuna kugombana, hakuna kupelekana kwa mtendaji. Enesi aliijua desturi hiyo vizuri. Lakini nani ampite mama yake mzazi bila kumuuliza bei? Wenzake nao walifanya vivyo hivyo, huyu kwa mama, yule kwa shangazi, adabu tu, mpaka nafasi zote zikaisha.

Mwenyekiti wa kamati, mzee Yesaya, alikuja mchana akiwa na furaha zake.

"Ukumbi umejaa," alisema. "Desturi ni desturi."

"Mwenyekiti, hawa si marehemu?"

"Sasa Enesi, si umemuuliza bei mwenyewe, kwa kinywa chako? Halafu tuseme ukweli. Hawa hawaleti nzi, hawatupi taka, choo hawahitaji."

"Na sisi?"

"Ninyi barabara mmeshaizoea."

Gibson, ambaye hakuwa na kinyongo na mtu, ndiye aliyemweleza Enesi baadaye kwamba ramani haikuwahi kuwa na vizimba vya kuuzia wala choo. Vigae vyeupe vilishanunuliwa, na ukumbi ulishakodishwa kwa harusi mpaka Pasaka. Enesi alikasirika. Alikwenda kwa mwenyekiti kusema, akaambiwa aandike barua.

Siku ya uzinduzi mgeni rasmi alikata utepe, akawapigia marehemu makofi ya salamu, akasema ukumbi umerudi kwa wananchi. Mchungaji aliomba. Jumamosi iliyofuata bibi harusi aliingia akicheza katikati ya viroba vya mchele, na hakuna aliyejikwaa.

Enesi alisimama nje dirishani, beseni kichwani, akiangalia watu wanavyopakuliwa pilau. Mama yake alimwona. Marta alivuta kiroba chake upande, akapangusa vigae kwa kitenge, akampigiapigia binti yake kiganja pale chini, kama mtu anayesema njoo ukae. Enesi alipapima kwa macho. Pangemtosha, hata miguu angeinyoosha.

"Bado, Mama," alisema, akarudi kuuzia barabarani.