Ribiti Zisizovuja

Kazi ya ribiti, vile vipini vifupi vinavyounganisha mabati, inataka watu wawili. Mmoja anakaa nje ya mashua na nyundo, mwingine anakaa ndani na kipande cha chuma kizito. Wa nje anaingiza ribiti tunduni na kugonga kichwa chake. Wa ndani anakandamiza chuma kwenye mkia, ili pigo likutane na kitu kigumu na mkia ubonyee ubane. Nje alikuwa baba. Ndani nilikuwa mimi, majira yote ya joto.

Mashua yenyewe ilikuwa ya alumini, futi kumi na nne, imekunjamana ubavuni kama kopo lililokanyagwa. Baba aliinunua mnadani mwezi Mei, wiki mbili tu baada ya dada yangu Aganetha kuondoka kwenda kufanya kazi Leamington, mwendo wa siku mbili kwa gari, na mwaka mmoja baada ya mama kufariki. Alikuwa hajawahi kuvua samaki maishani mwake. Tulizaliwa wote Mexico, kwenye koloni letu, yaani makazi ya watu wa kanisa letu, kule Chihuahua, ambako maji ni ya kisima na ukiona samaki basi yuko ndani ya mkebe. Na hata hapa Manitoba, kutoka kijijini kwetu hadi ziwani ni saa mbili kwa gari, katikati ya mahindi na alizeti.

Jirani yetu mzee Penner alikuwa akija kutucheka, anasimama mlangoni mwa banda la mashine na kutema maganda ya mbegu za alizeti.

"Gerhard," alimwambia baba, "Nuhu aliambiwa na Mungu. Wewe umeambiwa na nani?"

"Na mnadishaji," baba alijibu bila kuinua kichwa. "Alisema mara tatu."

Nilipenda siku zile za mwanzo, siwezi kukana. Tangu mama afe baba alikuwa anakula na kulala tu, na sasa alikuwa anatania watu.

Shangazi Helena, dada yake baba, ndiye aliyeleta habari ya safari. Ilikuwa Jumapili alasiri mwezi Juni, tunakunywa kahawa kwa mikate midogo ya vichwa viwili, donge juu ya donge, na jamu. Shangazi anaongea sana, mumewe Isaak anaongea kwa nyusi tu.

"Kaka Gerhard, Aganetha amenipigia. Ana chumba chenye vitanda viwili, na kwenye mabanda ya vioo ya nyanya wanatafuta wasichana. Sisi tunakwenda huko mwisho wa Septemba, kuna harusi ya mpwa wa Isaak. Kiti kimoja kwenye gari kiko tupu. Mwache Justina aende."

Baba alipaka siagi kwenye mkate wake mpaka pembeni kabisa.

"Mashua ikiisha," alisema. "Siku isipovuja hata tone, aende."

Kwetu watu hawaapi. Mtu akisema ndiyo ni ndiyo, na neno likishatoka mdomoni halirudi, hata kama ni la kununua ndama. Shangazi alinigeukia akatabasamu, yaani mambo yamekwisha. Hakuna aliyeniuliza kama nataka. Nilitazama sahani yangu. Nilikuwa nataka, lakini mimi ni mtu ambaye hata dukani nikipewa sukari badala ya chumvi narudi nayo nyumbani. Basi nilinyamaza, nikaamini kwamba ribiti zitasema kwa niaba yangu.

Kila Jumamosi tuliijaribu. Mashua ikiwa juu ya trela baba aliingiza mpira wa maji ndani, akaijaza mpaka kwenye kiti, kisha akatambaa chini yake na chaki ya nta ya njano kuzungushia kila ribiti inayotoa maji. Jumamosi ya kwanza ziligunduliwa thelathini na moja. Ya pili kumi na nne. Kisha sita. Nilihesabu kama mtu anayehesabu siku za kifungo. Wiki ile zilipobaki sita nilitoa sanduku la mama juu ya kabati, nikalipangusa vumbi, nikalirudisha.

Jumamosi iliyofuata zikawa tisa. Iliyofuata, kumi na moja.

"Ndivyo zilivyo," baba alisema. "Ukikaza hapa, inalegea pale."

Nilimwamini, kwa sababu sikujua mashua. Lakini mkono unajifunza hata kama mtu hakuufundisha. Kabla ya kuweka ribiti mpya lazima utoe ya zamani. Baba alikata kichwa chake kwa drili, akasukuma mkia kwa msumari butu, na mimi ndani niliudaka. Ribiti iliyochoka hutoka kwa pigo moja, nyepesi, na kiuno chake kina unga mweusi kama masizi. Mwezi Julai vidole vyangu vilikuwa vyeusi hivyo kila jioni. Mwezi Agosti baba akawa anapiga mara nne, mara tano, anahema, ndipo mkia unatoka. Na ulikuwa mweupe, unang'aa. Siku hizo nilikwenda mezani bila hata haja ya kunawa vizuri.

Tena, tangu Agosti, wakati wa kujaza maji alinituma jikoni. "Nenda kaweke viazi," alisema. "Hii ya kuzungushia chaki ni ya mtu mmoja." Jumamosi moja viazi viliwahi kuiva, nikarudi. Baba alikuwa amelala chali chini ya mashua iliyojaa maji, anachora mduara. Sakafu ya saruji kandokando yake ilikuwa kavu. Miduara ilikuwa saba na palikuwa na doa moja tu la maji, dogo kama sarafu, huko nyuma kwenye kizibo.

"Baba," nilisema, "hapo pakavu."

Aliendelea kuchora mpaka mduara ukafunga.

"Itavuja," alisema. "Nazijua hizi."

Nilirudi jikoni. Nilikaa nikitazama viazi vikipoa, na kwa mara ya kwanza nilielewa nimenaswa wapi. Baba hangeweza kuvunja neno lake. Basi alikuwa anahakikisha neno lenyewe halifiki siku yake. Mashua ina ribiti karibu mia nane. Kwa mwendo ule ningezeeka humo ndani.

Kusema ningesema nini? Kumwambia baba yako kwamba anatoboa chombo chake mwenyewe kwa makusudi, hiyo unaisemaje? Nilitengeneza sentensi usiku, asubuhi ilipofika nikaenda kuwasha jiko. Septemba ikaingia, baridi ikaanza kuchoma majani ya maboga. Nilipika, nilifua, nilishika chuma.

Alhamisi, siku mbili kabla ya safari, baba alinipeleka mbele kabisa, chini ya kile kibati kinachofunika pua ya mashua. Huko ni kwembamba. Unaingia kwa tumbo, mikono imetangulia, na ukishafika huwezi kujirudisha, kwa sababu kiti cha kwanza kinakubana mapajani. Kutoka, lazima mtu akuvute kwa vifundo vya miguu. Yeye ndiye aliyekuwa akinivuta.

Alikuwa ameshatoboa tatu, zote nyeupe, zote za kupigiwa mara tano. Matundu matatu yalitazama nje na kupitia humo niliona suruali ya baba. Ndipo nikasikia gari, na mlango wa gari, na sauti ya shangazi Helena.

"Kaka Gerhard. Nimekuja kujua kama nipakie mikate ya watu watatu au wawili. Mashua imekwisha?"

"Njoo uone mwenyewe," baba alisema. "Ina matundu matatu."

"Tangu Juni?"

"Nimesema ikiacha kuvuja. Haijaacha."

"Na mtoto mwenyewe anasemaje? Alinitazama Jumapili kanisani kama ng'ombe aliyesahauliwa mvuani."

Nilisikia baba akiweka nyundo chini. "Hajaniambia hata siku moja kwamba anataka kwenda."

Nililala pale, shavu langu likiwa juu ya alumini ya baridi. Katika yote aliyoyasema hapakuwa na uongo. Matundu yalikuwapo. Na mimi kweli nilikuwa sijasema, hata siku moja, hata neno moja. Nilikuwa nimemjengea ukuta kwa ukimya wangu na yeye alikuwa anauegemea tu.

"Basi," shangazi alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka. "Kama hataki, hataki. Mtoto wa kina Harder alikiomba kile kiti. Nitampa."

Nilisikia viatu vyake vikigeuka kwenye changarawe.

"Nataka," nilisema.

Haikutoka kubwa. Lakini kile kibati kiliichukua na kuirudisha, na nje ikatoka nene, kama ya mtu mwingine. Viatu vikasimama.

"Nani huyo?" shangazi aliuliza.

"Justina," baba alisema.

"Yuko wapi?"

"Anashika chuma."

Shangazi alikuja akainama. Kupitia tundu la katikati niliona jicho lake na ukingo wa kitambaa chake cha kichwani. "Mwanangu, hata Yona alitoka siku ya tatu. Umesema nini?"

"Nataka kwenda, shangazi. Tangu Juni." Na kwa kuwa sikuuona uso wa baba, kwa kuwa mbele yangu palikuwa na bati tu, niliweza kusema na lililobaki. "Haya matundu hayakuwa yanavuja. Wala ya wiki iliyopita."

 Mahali fulani nyuma ya banda trekta la Penner lilikuwa linanguruma.

"Kaka Gerhard," shangazi alisema polepole.

"Nilisema isipovuja," baba alisema. "Neno ni hilo."

"Ulisema isipovuja aende. Kwamba ikivuja akae, hilo sikulisikia. Nilikuwa pale, mkate ulikuwa mkononi." Alisimama, magoti yake yakalia. "Jumamosi saa kumi na moja alfajiri tunapita. Sipigi honi. Atakayekuwa barabarani atapanda."

Gari likaondoka. Nilidhani baba atazunguka anivute. Nilisubiri mikono yake kwenye vifundo vyangu. Badala yake niliona ribiti mpya ikiingia kwenye tundu la kwanza na mwanga wake ukafungika.

"Shika," alisema.

Chuma kilikuwa mkononi mwangu, mkia wa ribiti uko mbele ya pua yangu. Nilikuwa nimeshikilia mikia kama ile mamia. Nilikiweka chuma chini.

Akapiga. Bati likalia vibaya, ribiti ikaruka, ikamwangukia miguuni. Mwanga ukarudi.

"Umeteleza," alisema.

 Akaingiza ya pili. "Shika, Justina."

Akapiga, ikaanguka. Ya tatu aliipiga kwa hasira, pigo likanipita masikioni mpaka kwenye meno, nayo ikaanguka vilevile. Nyundo peke yake haifungi kitu, na anayelijua hilo kuliko watu wote alikuwa yeye.

"Ukiniacha na matundu matatu," alisema, na sauti yake ilikuwa karibu sana, lazima alikuwa amepiga magoti, "nani atashika?"

"Mzee Penner."

"Penner mkono wake mnene."

"Basi itavuja, baba."

Alikaa. Niliona tu kitambaa cha mgongo wa shati lake kikiwa kimeegemea mashua, kinapanda na kushuka. Mguu wangu wa kushoto ulikufa ganzi. Nilitaka kulia, lakini kulia kifudifudi ni taabu, machozi yanakwenda puani. Sijui tulikaa muda gani. Alijua siwezi kutoka bila yeye, nami nilijua anajua.

"Mama yako akiwa jikoni," alisema hatimaye, "alikuwa anagonga dirisha, nami huku nagonga bati la banda kumjibu. Ilikuwa hivyo tu. Hakuna aliyekuwa anamwita mwenzake kwa jambo lolote." Akakohoa. "Wewe, ninapogonga, unashika. Nilizoea."

Sikutaka kutafuta jibu, kwa sababu ningelipata ningebaki.

Mashua ikainama kidogo, trela ikalia. Mikono yake ikashika vifundo vyangu na ikanivuta, si polepole kama siku zote, mpaka kifungo cha gauni kikakatika kwenye kiti. Nilikaa juu ya ubao, nimejaa vumbi la alumini, nikarekebisha kitambaa changu. Alikuwa anatazama mlango.

"Alisema saa ngapi?"

"Kumi na moja."

"Alfajiri hiyo kuna umande. Usisimame kwenye majani." Alishuka, akaokota zile ribiti tatu sakafuni, akazipangusa kwa kidole gumba moja moja na kuzirudisha ndani ya mkebe. "Na huko kwenye vioo, wakikupa kitu ambacho hukukiomba, sema."

Nilisema ndiyo.