Mkeka wa Kupimia

Baya Mwaringa, fundi wa friji wa mtaa wa Barani, hakuja kliniki siku ile kwa mapenzi. Mkewe Damaris aliambiwa aje na mtu anayeishi naye, na mtu mwenyewe, atake asitake, ni yeye. Tangu watoke kumzika mama yake Baya kule Kakuyuni, mtu na mkewe walikuwa wakizungumza ya unga na sukari tu.

Jumapili ukoo ungekaa kikao. Damaris angeulizwa mbele ya watu kwa nini, matanga yote, hakuketi mkekani na wanawake wenziwe. Kwa watu wa Baya, mkazamwana akifiwa na mavyaa yake, mama wa mumewe, huketi chini. Viti ni vya wanaume na wageni. Asiyeketi amemdharau marehemu, na hilo halina mjadala. Chengo, kaka mkubwa, alishasema waziwazi kwamba mwanamke wa namna hiyo hatakanyaga tena mji wao. Na Baya, badala ya kumtetea mkewe, alikuwa ameahidi kunyamaza. Aliona ni maringo ya mjini tu. Wako wanaume wa aina hiyo, hulala kitanda kimoja na mtu miaka na miaka, na habari zake wakazipata kwa majirani.

Mpimaji alikuwa binti aitwaye Hetal, wa wale kina Jamnadas wenye duka la vitambaa mjini. Aliwaamkia shikamoo wote wawili, akawaketisha. Baya alitarajia mizani. Mizani ilikuwepo, pale pembeni, lakini Hetal aliipita.

"Kilo zako ninazo, mama," alimwambia Damaris. "Lakini kilo haziniambii siku yako inakwendaje. Watu wawili wana unene mmoja, huyu anapanda ngazi, yule hata viatu hawezi kuvaa. Leo nataka kujua yanayokushinda, na yanakushinda kiasi gani."

"Huyu hashindwi na kitu, daktari," Baya akadakia. "Nyumba nzima anaiendesha yeye."

"Nimemuuliza mama, baba," Hetal akasema kwa upole, akaanza kuuliza moja moja.

Kuosha nyayo je? Damaris alisema huziosha kwa brashi ya mpini mrefu. Baya aliijua brashi ile. Siku zote alidhani ni ya kusugulia sakafu ya choo. Kukata kucha? Hukatwa na jirani yao Everlyne, Baya akiwa kazini. Kulala chali? Hawezi, pumzi humkatika, kwa hiyo huegemea mito na kusinzia vivyo hivyo mpaka asubuhi. Na Baya alikuwa akimlaumu kwamba anakesha na simu. Kila jibu lilipotoka, Baya alijiona kama mpangaji aliyehamia jana katika nyumba ile. Alistaajabu jinsi mkewe alivyozizunguka shida zote hizo, siku baada ya siku, chai ikawa mezani na mashati yakawa yamepigwa pasi.

Kisha Hetal akatandika mkeka sakafuni.

"Maswali haya yaliandikwa na watu wa viti," alisema. "Huku kwetu tunakaa chini, kwa hiyo nimeongeza langu. Keti, mama, halafu uinuke. Ukishindwa si kosa, mimi nipo hapa. Baba atoke kwanza?"

Damaris alimtazama mumewe, kisha akautazama mkeka.

"Akae," alisema. "Aone."

Alishika ukingo wa kitanda, akashusha goti moja, kisha la pili, akaketi. Kuinuka ndiko kulikokuwa na kazi. Alijisukuma kwa mikono, akarudi chini. Akageuka ubavu, akajisukuma tena, jasho likamtiririka shingoni, miguu ikatetemeka, akarudi chini. Hakulia wala hakulalamika. Hatimaye Hetal akamshika kwapa huku, Baya akamshika kule, na hata hivyo ilikuwa kazi. Baya alisikia mwili wa mkewe ukitetemeka wote mikononi mwake, na kwa mara ya kwanza akapata kujua ni mzigo gani Damaris anaouinua peke yake kila kukicha.

Walimketisha kitini. Alipopata pumzi, akamwambia mumewe bila kumtazama.

"Kule matangani ningeinuliwa hivi hivi, baba Gona. Wangeitwa wanaume, nivutwe mbele ya umati. Vijana wangecheka, na kicheko hicho ndicho ambacho watu wangekikumbuka kila wakimtaja mama. Nikaona heri nisimame."

"Siku zote zile?"

"Na usiku. Nilikuwa nikiegemea ukuta wa jikoni. Miguu ilivimba hata kandambili zikakataa kuingia."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe ulikuwa ukilia. Ningekuongezea na langu?"

Baya alikumbuka usiku wa kwanza wa matanga, yeye akikoroma kwenye kiti cha plastiki, amefunikwa shuka. Aliyemfunika alikuwa huyu, kwa miguu ile. Kitu kama hofu kilimshika, ile inayomshika mtu akisimama mbele ya jambo kubwa kuliko yeye, na alipomtazama Damaris aliona haya kuendelea kukaa. Akasimama.

Hapo hapo akampigia Chengo.

"Kaka, ile ahadi ya kunyamaza naivunja," alisema. "Jumapili nakuja na mke wangu, nami ndiye nitakayesema."

Chengo akaanza na yale yale: dharau, maringo, mwanamke aliyekataa mkeka. Baya alimkatiza, jambo ambalo hajapata kumfanyia mkubwa wake tangu azaliwe.

"Mama alikuwa na mtu mmoja tu aliyemsimamia usiku na mchana mpaka matanga yakaondolewa," alisema. "Sisi wengine, kaka, tulikuwa tumekaa."