Kifuniko cha Bakuli la Supu

Miaka thelathini na moja Fusae aliosha vyombo katika mkahawa huu wa Kyoto. Mabosi watatu walipita, na hakuna hata mmoja aliyemwambia, "Onja." Leo, amestaafu, amekuja kula kama mgeni, mlo wa vyakula vingi vinavyoletwa kwa zamu, na kifuniko cha bakuli la supu kimenaswa na mvuke, kimegoma kufunguka. Jikoni mabakuli yalimfikia yakiwa wazi na matupu siku zote. Aibu ikamshika, akataka kuondoka.

Chizuko, mhudumu waliyezeeka naye kazini, akapiga magoti kando yake.

"Libane bakuli ubavuni, shoga, hewa iingie. Umelisugua miaka yote, leo unaliogopa?"

"Nyamaza, mchawi we!"

Akalibana. Kifuniko kikaachia, mvuke wa samaki na ndimu ukampanda usoni.

"Vimebaki vyakula vingapi?"

"Saba."

"Lete kimoja kimoja. Siondoki mpaka nimalize."