Tuta Lililotafuta Musonoi

Ijumaa, saa mbili na nusu asubuhi, Jocelyne alikuwa akipangusa vumbi jekundu mezani kwake, katika ofisi ya barabara mjini Kolwezi, wakati tuta la barabarani lilipoingia. Liliingia kiubavuubavu, maana mlango ulikuwa mwembamba na lenyewe lilikuwa na urefu wa mita saba. Likajinyoosha kwenye korido. Watu waliofuata vibali wakainua miguu, wakalivuka na kulisalimia.

"Mama, mi natoka njia ya Lubudi," tuta lilisema. Sauti yake ilikuwa na kokoto. "Natafuta Musonoi."

Likatoa karatasi zake. Ziliandikwa vizuri: tuta moja la lami, mbele ya shule ya msingi, Musonoi. Ila mafundi walikuwa wamelishusha mbele ya geti la shamba la mheshimiwa mmoja, ili magari yasimtilie vumbi kwenye chakula.

"Kule napunguza mwendo ya mbuzi tu. Miaka mbili sasa. Na mbuzi yenyewe haina haraka."

Jocelyne aliijua barabara ya Musonoi. Malori ya madini huteremka pale kama mafuriko, na kila mchana mwalimu Florentine husimama katikati, kitenge chekundu mikononi, watoto wavuke nyuma yake. Muhula uliopita lori moja lilikikwapua kile kitenge likaenda nacho. Alinunua kingine.

Akaingia kwa mkubwa wake, tata Ngeleka.

"Tuta ya Musonoi?" Tata Ngeleka alifungua jalada. "Ilishajengwa. Rapport iko hapa, na muhuri juu."

"Tata, iko mu korido."

"Korido si barabara. Haituhusu." Hakuwa na hasira. "Mheshimiwa amepiga simu, anataka kitu yake. Na weye, mkataba yako ya kazi ndiyo hii. Miaka mbili unaungojea, si vile? Nafunga saa sita. Usiposaini leo, kiti napatia mwingine."

Jocelyne akatoka. Kwa wasiwasi, tuta lilikuwa limeanza kufanya nyufa.

"Nitakupeleka," alisema.

"Na rangi? Bila rangi nyeupe nitaangusha batu ba moto, bale ba pikipiki. Sikukuja kuumiza mutu."

"Nitakupaka mimi mwenyewe. Batoto bakitoka, batakukuta mweupe."

Wakaondoka kwa miguu, tuta mbele, Jocelyne nyuma na kopo la rangi alilonunua njiani. Teksi za pikipiki ziliwapisha. Kwenye mzunguko wa magari, polisi wa barabarani alinyoosha mkono.

"Karatasi."

Tuta likazitoa. Akazisoma mara mbili, akitafuta kosa.

"Imeandikwa Musonoi. Huku unafanya nini?"

"Njo kule naenda, chef."

"Basi enda. Lakini pole pole."

"Mi sijui mwendo ingine, chef."

Walifika saa tano na kitu. Tuta liliuliza watoto hutokea upande gani, likalala kukingama barabara, likajigeuzageuza kama mtu anayetafuta usingizi, likakohoa vumbi, likashika. Lori la kwanza lilipotokea limejaa madini, dereva alikanyaga breki, akalivuka taratibu kama mtu anayemruka bibi yake aliyelala.

Florentine alikuwa amekwisha kuchukua nafasi yake barabarani. Alilitazama lori likipita, akakunja kitenge chake, kisha akakikunjua tena na kujifunga kiunoni.

"Kumbe ni kizuri," alisema. "Sasa nitakivaa."

Jocelyne alipiga magoti na brashi yake. Alikuwa kwenye mstari wa nne simu ilipolia. Tata Ngeleka alikuwa na furaha. Rapport ya Musonoi ilikuwa kweli tupu sasa, wala haikudai kubadilishwa herufi. Mheshimiwa naye angepewa tuta jingine Jumatatu. Kwenye karatasi lingekuwa mbele ya shule nyingine.

"Kuya usaini, mama. Imebaki dakika kumi na tano. Panda moto, unafika."

Pikipiki ilikuwa pale pale, injini inanguruma.

"Mama, twende?" dereva aliuliza.

Jocelyne alihesabu mistari iliyobaki. Ilikuwa mitatu.

"Enda tu, kaka," alisema, akachovya brashi.

Kengele ya saa sita ilipogongwa, alikuwa akimalizia mstari wa mwisho. Watoto wakatoka mbio, wakasimama ukingoni mwa barabara, wakangoja aondoe mkono.

"Rukeni," aliwaambia. "Rangi ingali mbichi."

Wakaruka, mmoja mmoja, na tuta likawahesabu.