Vifundo vya Vidole vya Séphora

Mpaka mwaka jana Cyrille aliuza simu hapa mtaani Kimemi. Kisha alienda Kampala siku tatu, akarudi na mashini ya mwanga ya kuondoa madoa ya ngozi, koti jeupe, na karatasi iliyosema kwamba alihudhuria mafunzo. Karatasi aliitundika ukutani. Kitabu cha mashini alikiacha ndani ya plastiki, nilikifungua mimi. Nimesoma uuguzi miaka mitatu, na kwa kuwa aliniajiri nilipaswa kumwita docteur.

Jumatatu alikuja Séphora, kutoka Mulekera kule Beni. Alikuwa na doa jeusi shavuni, na harusi yake ilikuwa imebakiza wiki tatu. Alisema mama mkwe hutazama doa kabla ya kumsalimu. Nilimhurumia.

Cyrille alichukua kadi yenye rangi sita za ngozi, akaiweka karibu na uso wa Séphora, akachagua ya tatu. Halafu akaongeza nguvu ya mashini, kwa sababu, alieleza, doa lilikuwa la zamani. Cyrille hueleza mambo mengi.

Nilikuwa ninamvalisha Séphora miwani ya kukinga macho nilipoona vidole vyake kwenye ukingo wa kitanda. Uso ulikuwa rangi ya chai ya maziwa. Vifundo vya vidole vilikuwa vyeusi kama vyangu. Nilimwuliza polepole kama anapaka mafuta ya kung'arisha ngozi. Akanong'ona kwamba ndiyo, hata asubuhi hiyo.

Kitabu kilieleza wazi. Mwanga ule hufuata weusi, na penye weusi mwingi huunguza. Ngozi inayopakwa mafuta hayo isiguswe. Doa lionwe kwanza na daktari, kisha mwanga ujaribiwe kwenye sehemu ndogo iliyofichika, na mtu angoje siku mbili.

Nilimwambia Cyrille hayo. Alicheka, akamwambia Séphora kwamba batoto ba shule banaogopa hata taa ya pikipiki.

"Mashini ya Dubai, Kyakimwa, inajua ngozi kupita weye."

Séphora aliinua kichwa, akanitazama, akamtazama yeye, akaanza kulala tena.

Sasa, Cyrille naye hupaka mafuta hayo. Vifundo vyake ni vyeusi kuliko vya Séphora, ndiyo maana anapenda sana glavu.

"Basi, docteur," nikasema, "muanze na mukono yenu. Numéro ile ile."

Séphora akaketi, akangoja. Mtu mwenye karatasi ukutani hawezi kukataa mbele ya mteja. Cyrille alikunja mkono wa koti, akabonyeza, mwanga ukawaka. Alisema ni kama kuumwa na mbu tu, na jasho likamtoka puani. Séphora akasema atalala kwa shangazi yake, atarudi Jumatano, kitabu kinavyotaka.

Jumatano Cyrille alivaa sweta la mikono mirefu na kulalamikia baridi.

"Docteur, mutuonyeshe mukono," Séphora akasema.

Alikataa, kisha sweta likagusa kidonda na uso wake ukatuambia yote. Akalivuta juu: malengelenge ya umbo la kioo cha mashini, pembe nne safi, kama tofali.

Séphora alijishika shavu. Kisha akaniomba nimwandikie jina la daktari wa ngozi. Cyrille naye akaniomba dawa ya kuungua.

Nilianza na Séphora.