Siku Saba za Mama wa Kangemi

Katika ofisi yao ya utafiti wa uchumi huko Muthangari, sheria ilikuwa moja: jibu lisiloingia akilini hufutwa. Ndiyo maana Mwongeli, msimamizi wa wahojaji, alimfuta kwenye takwimu mama mmoja wa Kangemi aliyesema hajala chochote siku saba. Nani anaishi hivyo? Akamgombeza Lazarus, aliyekuwa amemhoji, kwa uzembe.

Siku ya kuzindua ripoti, Lazarus alimkuta kwenye meza ya samosa.

“Madam, yule mama nilimuuliza mara mbili, vile ulitufunza. Tulimzika Jumamosi.”

Mwongeli akarudisha samosa kwenye sinia, polepole.

“Aliniuliza kama serikali itasoma majibu yake,” Lazarus akasema. “Nikamwambia itasoma.”